Finger, Whois au Ph: ipi ikufae ukitaka kumtafuta mtu kwenye kompyuta ya mbali?

Mtu akikuomba umtafutie fulani kwenye mtandao, mrudishie swali kwanza: unataka kujua nini juu yake? Kama yupo kwenye kompyuta saa hii? Kama amesajiliwa, na amesajiliwa na nani? Au unataka tu baruapepe na namba ya simu ya ofisini kwake? Miaka ya 1970 na 1980, intaneti ilipokuwa bado kompyuta za vyuo, maabara na jeshi la Marekani, kila swali kati ya hayo lilipata itifaki yake, yaani kanuni za namna kompyuta mbili zinavyozungumza. Finger ilijibu la kwanza, Whois la pili, Ph la tatu.

Leo, ukijikuta unasita kati ya hizo tatu, huenda wewe ni mwalimu wa mitandao unayetafuta itifaki nyepesi ya kufundishia, au msimamizi wa seva moja ya Linux inayotumiwa na watu wengi, au mwanafunzi anayetaka kuandika seva yake ya kwanza kwa mkono wake. Huenda pia unataka tu kujua kikoa fulani, yaani jina la mtandaoni linaloishia kwa .com au .tz, ni cha nani. Mahitaji hayo hayafanani, kwa hiyo na jibu halitakuwa moja.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo matano: swali ambalo itifaki inalijibu, nani anaandika na kurekebisha taarifa za mtu, mazungumzo kati ya kompyuta mbili yanavyokwenda, usalama na faragha, na kama bado inatumika leo. La pili ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine. Programu inaweza kuwa nzuri mno, lakini taarifa zikichakaa, wa kuzirekebisha ni yule tu mwenye ruhusa ya kuzigusa, na hapo ndipo itifaki hizi tatu zinapoachana kabisa.

Zilikotoka

Finger ndiyo kongwe. Les Earnest aliiandika mwaka 1971 katika maabara ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Stanford, California. Watu wa maabara ile walifanya kazi saa nyingi na bila ratiba: mmoja anaingia usiku wa manane, mwingine anaonekana alasiri. Ukitaka kuwakusanya kwa kikao ilibidi ujue nani yupo na wasiokuwepo wanarudi lini. Desemba 1977 Ken Harrenstien aliandika RFC 742 (RFC ni hati zenye namba zinazoeleza kanuni za intaneti), na kilichokuwa chombo cha maabara moja kikawa itifaki ya mtandao. Toleo linalofuatwa hadi sasa ni RFC 1288 la Desemba 1991, kazi ya David Zimmerman.

Whois ilitoka kwa Harrenstien huyohuyo, safari hii pamoja na Vic White, katika RFC 812 ya Machi 1982. Wote wawili walikuwa SRI, taasisi ya utafiti iliyoko Menlo Park, California, kwenye kituo cha taarifa za mtandao kilichojulikana kwa kifupi NIC, chini ya Elizabeth Feinler. Kituo hicho kilikuwa na kazi ya kutunza majina ya watu na kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na kwa miaka mingi kilichapisha orodha hiyo kama kitabu. Whois ikamwezesha yeyote kuiuliza orodha moja kwa moja akiwa kwenye kompyuta yake.

Ph ilizaliwa Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, mwishoni mwa miaka ya 1980. Aliyeiandika ni Steve Dorner, ambaye wengi wanamjua zaidi kwa Eudora, programu ya baruapepe. Upande wa seva huitwa Qi, upande wa mtumiaji ndio Ph. Ilienea vyuoni kwanza, maelezo rasmi yakaja baadaye sana: RFC 2378 ni ya Septemba 1998, wakati mrithi wake, itifaki ya orodha za watu iitwayo LDAP, alikuwa tayari amekwisha kujulikana.

Swali linalojibiwa

Finger huulizwa kwa kompyuta fulani. Ukiipelekea jina la akaunti, inakurudishia jina kamili la mwenyewe, kama ameingia au la, amekaa muda gani bila kugusa kibodi, na mara ya mwisho aliingia lini. Ukituma mstari mtupu, inakupa orodha ya wote walioko kwenye kompyuta hiyo. Ni taarifa ya sasa hivi, ya mashine moja. Usiyemjua yuko kompyuta gani, Finger haitakusaidia kumpata.

Whois haijali nani ameketi mbele ya kompyuta. Inauliza daftari la usajili: nani ameandikishwa, kwa jina gani, kwa anuani ipi. Mwanzoni daftari hilo lilikuwa la watu. RFC 812 inaeleza kuwa kila mwenye akaunti aliyeweza kutuma kitu kupitia ARPANET aliombwa ajiandikishe kwa jina kamili, anuani ya posta, simu na sanduku la baruapepe. Baadaye mtandao ulipokua, watu hawakuandikishwa tena mmoja mmoja, daftari likabaki na vikoa, namba za IP na wahusika wake.

Ph iko katikati. Hujui mtu yuko kompyuta gani wala huhitaji kujua. Unajua tu yuko chuo fulani. Unauliza jina, unapata idara, simu na baruapepe. Kwa chuo chenye maelfu ya wanafunzi hii ndiyo ilikuwa huduma iliyokosekana, na uzuri wake mmoja mkubwa haukuwa kwenye skrini: Illinois iliunganisha orodha hiyo na mfumo wa barua, hivyo mtu alitumiwa barua kwa jina lake la Ph na seva ikatafuta yenyewe kompyuta anayosomea barua. Akihama kompyuta, anuani yake haihami.

Nani anashika kalamu

Hapa nitakaa kidogo.

Kwenye Finger, sehemu ya taarifa huandikwa na mfumo wenyewe, yaani saa za kuingia na muda wa ukimya, na sehemu nyingine huandikwa na mtumiaji kwa hiari yake. Mtumiaji wa Stanford aliomba apate mahali pa kueleza kwa nini hayupo na atapatikana wapi, na Earnest akaongeza faili la mpango. Kwenye Unix, mfumo endeshi ambao Linux ni ndugu yake, likaja kuwa faili liitwalo .plan, linakaa kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, na chochote unachoandika humo kinasomwa na yeyote anayekuulizia. Hakuna wa kukupitishia wala wa kukuhariri. Watu walitumia uhuru huo vizuri. Katika miaka ya 1990, John Carmack wa id Software aliandika kwenye .plan yake maendeleo ya kazi ya kutengeneza Quake, makosa aliyosahihisha na mawazo yake ya uprogramu, na wapenzi wa mchezo huo walikuwa wakiulizia akaunti yake kusoma jipya. Hiyo ilikuwa shajara ya hadharani kabla neno blogu halijazoeleka.

Kwenye Whois, kalamu iko ofisini. Mtu hujaza fomu, ofisi huingiza. Faida yake ni kwamba kuna anayewajibika: ukiona jina kwenye daftari, kuna taasisi iliyolipokea na inayoweza kuulizwa. Hasara yake inajulikana na kila aliyewahi kushughulikia kikoa: mtu anahama kazi, namba ya simu inabadilika, na daftari linaendelea kutaja yule wa zamani kwa miaka kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiambia ofisi.

Ph iligawa kalamu kwa uangalifu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote kwa upande huu. Kila sehemu ya rekodi ina sifa zake: hii inaonekana na wote, hii inaweza kutafutiwa, hii mwenyewe anaruhusiwa kuibadilisha, ile ni ya ofisi peke yake. Chuo kinaingiza jina na idara kutoka kwenye orodha zake; mtumiaji anaingia kwa nenosiri na kurekebisha simu yake au anuani anakotaka barua zifike. Jina rasmi halichezewi, na simu haichakai. Anayebuni mfumo wowote wa taarifa za wanafunzi au wafanyakazi leo atafaidika akisoma namna walivyogawa ruhusa hizo.

Mazungumzo kwenye waya

Finger na Whois zinafanana kama pacha. Kompyuta yako inafungua muunganisho wa TCP, njia ya kawaida ya kompyuta kuunganishwa, kwenye poti (namba ya mlango wa huduma) 79 kwa Finger au 43 kwa Whois. Inatuma mstari mmoja unaoishia kwa alama mbili za kufunga mstari. Seva inajibu kwa maandishi na kukata muunganisho. Basi. Kwenye Linux yenye netcat unaweza kuuliza bila programu nyingine yoyote:

printf 'asha\r\n' | nc seva.maabara 79

Badili 79 iwe 43 na jina liwe la kikoa, ukaielekeze kwenye seva ya Whois, na umekwisha kuongea Whois. Tofauti ndogo zipo. Finger ina alama ya /W kabla ya jina, kuomba maelezo marefu zaidi, na inaruhusu kuomba seva moja ikuulizie kwenye seva nyingine. Whois ya zamani ilikuwa na alama ya mshangao ya kutafutia kitambulisho badala ya jina. Ila kubwa ni moja: katika zote mbili, jibu ni maandishi huru. Hakuna kanuni inayosema jina litakuwa mstari wa ngapi. Binadamu anasoma bila shida. Programu inayotaka kuchukua namba ya simu humo ndani inapata taabu, na kila seva ya Whois ina mpangilio wake.

Ph inaongea kwenye poti 105 na mazungumzo yake ni marefu zaidi. Muunganisho unabaki wazi. Unatuma amri, unajibiwa, unatuma nyingine, mpaka useme quit. Ombi la kawaida linakuwa hivi:

query name=asha return email phone

Jibu linakuja mstari kwa mstari, kila mstari ukianza na namba ya hali, namba ya rekodi na jina la sehemu, na mstari wa mwisho, 200:Ok., unakuambia kuwa kazi imekwisha. Programu inaweza kusoma hilo bila kubahatisha. Gharama yake ni kwamba seva ya Ph haiandikwi kwa alasiri moja. Inabidi ikumbuke nani ameingia, ana ruhusa gani, na sehemu zipi zina faharasa, yaani orodha ya kutafutia haraka, maana kila ombi lazima litaje angalau sehemu moja yenye faharasa.

Usalama na faragha

Zote tatu husafirisha maandishi waziwazi, kwa hiyo aliyekaa katikati ya njia anasoma kila jibu. Hilo zinashirikiana. Mengine yanatofautiana.

Finger ndiyo yenye historia chungu zaidi. Tarehe 2 Novemba 1988, programu ya kujisambaza iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilienea kwenye kompyuta za intaneti. Mojawapo ya njia zake ilikuwa seva ya Finger ya BSD, aina mojawapo ya Unix. Seva hiyo ilisoma ombi kwa gets, kipengele cha lugha ya C kisichouliza mstari una urefu gani, na kuuweka kwenye nafasi ya baiti 512. Programu ya Morris ilituma baiti 536. Zile 24 za ziada zilifunika kumbukumbu ya jirani, na kwenye mashine za VAX zikaipa amri ya kufungua mlango. Kosa hilo lilikuwa la mwandishi wa seva ile, itifaki yenyewe haikulisababisha. Hata hivyo faragha ni tatizo la itifaki: kumwambia mtu usiyemjua kwamba fulani hajagusa kompyuta tangu juzi, au kwamba akaunti hii ipo na ile haipo, ni kumsaidia mwenye nia mbaya. RFC 1288 yenyewe inawataka wasimamizi wawe na uwezo wa kukataa kutoa orodha ya walioingia.

Whois haimwambii mtu kama umelala au umeamka, lakini iliweka hadharani anuani na simu za watu kwa dunia nzima, na watumaji wa barua taka wakazikusanya. Baada ya sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya, GDPR, kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, wasajili wengi wa vikoa walificha majina na anuani za watu binafsi. Kwa hiyo ukiuliza leo, mara nyingi utamjua msajili na tarehe, mwenye kikoa utamkosa.

Ph ndiyo iliyokuwa na ruhusa za sehemu kwa sehemu tangu mwanzo, na hilo linaipa nafasi nzuri kwenye mtandao wa ndani. Ila seva zake zimeachwa bila matunzo muda mrefu, na programu isiyotunzwa haifai kuelekezwa kwenye intaneti ya wazi hata kama ilibuniwa vizuri.

Hali ya leo

Whois ndiyo iliyo hai kazini. Hata hivyo, kwa vikoa vya jumla kama .com, ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa, iliwaondolea wasajili wajibu wa kuiendesha tarehe 28 Januari 2025, na nafasi yake imechukuliwa na RDAP, inayorudisha majibu ya JSON, mpangilio ambao programu huusoma kwa urahisi, kupitia HTTPS. Vikoa vya nchi kama .tz na .ke havibanwi na mikataba ya ICANN na wasajili hao. Ukitafuta mwenye namba za IP za Afrika, AFRINIC yenye makao yake Mauritius ndiyo yenye daftari.

Finger imefungwa karibu kila mahali. Programu ya kuulizia bado inakuja na Windows, na wahalifu wameigeuza njia ya kuvutia misimbo mibaya ndani ya kompyuta, ndiyo maana ofisi nyingi huzuia poti 79 inayotoka. Inaishi kwenye jumuiya ndogo za watu wanaotumia seva moja ya Unix kwa kupenda. Wazo lake limepata mrithi: WebFinger, RFC 7033 ya mwaka 2013, ambayo mtandao wa kijamii wa Mastodon huitumia kumtafuta mtu kwa anuani iliyo na alama ya @.

Ph imekwisha kabisa kazini. Iliwahi kufikiwa hata kupitia Gopher, mfumo wa zamani wa kusoma taarifa za mtandaoni kwa menyu, ambayo iliipa aina yake maalum kwenye menyu, lakini LDAP, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Michigan na kuandikwa katika RFC 1487 mwaka 1993, iliimeza.

Nataja na Ident kwa kupita, kwa kuwa watu huichanganya na hizi. RFC 1413, poti 113. Hiyo humjibu anayeendesha seva: muunganisho huu uliofika kwangu ni wa mtumiaji gani huko ulikotoka? Seva za mazungumzo za IRC ziliitumia sana. Haitafuti mtu.

Uchague ipi

Kama unataka kujua kikoa au namba za IP ni za nani, anza na RDAP, kisha Whois pale RDAP isipojibu. Hizo nyingine mbili hazina daftari hilo. Na ukikuta jina limefichwa, mwandikie msajili. Huo ndio mlango uliobaki.

Kama una seva moja ambayo watu kumi au ishirini wanaingia na kufanya kazi pamoja, Finger itawafaa na itawapa uhai: kila mtu na .plan yake, kila mtu akiona nani yupo. Ifungie ndani ya mtandao wenu, zima orodha ya walioingia kama mna wageni, na zima kabisa ule ufikishaji wa maombi kwenda seva nyingine.

Kama ni shule au taasisi yenye mamia ya watu na unataka kitabu cha simu cha ndani, soma Ph kwa ajili ya mawazo ya ruhusa, halafu uweke LDAP, ambayo ina seva zinazotunzwa na inafahamiana na programu za barua. Ph yenyewe iwashe kama lengo lako ni kuonyesha historia, au kama unahuisha seva ya Gopher na unataka menyu zake zikamilike.

Kama unafundisha, nakushauri Finger na Whois katika kipindi kimoja. Wanafunzi wakiona kwamba itifaki mbili zinazofanana karibu herufi kwa herufi zimezaa huduma mbili tofauti kabisa, wataelewa kwamba waya ni sehemu ndogo ya kazi. Ph ibaki kwa kipindi kinachofuata, utakapofika kwenye namba za hali na mazungumzo yenye kumbukumbu. Aliyeielewa hatapata shida na SMTP, itifaki ya kutuma baruapepe.

Na kama wewe ni mwanafunzi unayeandika seva ya kwanza, anza na Finger kwa lugha yoyote unayoijua. Soma mstari mmoja, lakini weka kikomo cha urefu kabla ya kusoma. Usikubali jina lenye mkwaju au nukta mbili zinazofuatana, maana unakwenda kufungua faili na mtu atajaribu kukupeleka kwenye faili lisilo lake. Ikishafanya kazi, iulize kwa mstari mtupu, kwa jina lisilokuwepo, na kwa mstari wa herufi elfu mbili. Ikivumilia yote matatu, ifungulie mtandao wa darasa.